Ugomvi wa Albamu ya Tatu

Mtu wa miaka arobaini na moja hatakiwi kupenda pop panki. Nimeambiwa hivyo na mume wangu, na mwenye duka ninakofanya kazi, na hata daktari wa masikio, ambaye sikuwa nimemwomba ushauri wa muziki. Nawasikiliza wote kwa heshima, kisha naongeza sauti. Kama hujawahi kuusikia muziki wenyewe, ni hivi: magitaa yanakwaruza, ngoma zinakimbia kama zimechelewa kazini, na juu yake kuna kijana analalamika kuwa ameachwa, amefukuzwa au amechoshwa na mtaa wao. Ila analalamika kwa furaha. Hapo ndipo penye utamu, na asiyeuona basi, mimi simlazimishi mtu.

Bendi yangu ni Soksi Moja. Nawataja kwa lugha yetu, maana kwa lugha yao jina halichekeshi. Walitoa Samahani kwa Majirani nikiwa na miaka kumi na moja, Tutakua Kesho nikiwa sekondari, na Chumba cha Wageni nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili. Baada ya hapo wakanyamaza kimya.

Aliyeniambukiza ni Kaka. Ananizidi miaka mitano, na leo ni fundi wa lifti, mtu wa kuheshimika mwenye funguo tele kiunoni. Enzi hizo alikuwa mwanafunzi mwenye redio kaseti moja, na rafiki yake alikuwa na nyingine. Waya wa kuziunganisha hawakuwa nao, kwa hiyo ili kurekodi Samahani kwa Majirani, Kaka alizilaza redio mbili kitandani zikitazamana, akafunga dirisha, akaniamuru nisipumue ovyo. Nikabana pumzi mpaka macho yakanitoka. Kumbe mwenye mafua alikuwa yeye. Kwenye wimbo wa tatu, kabla tu ya kiitikio kurudi mara ya pili, akakohoa. Kikohozi kimoja, kikavu, cha wazi kabisa. Betri zilikuwa zinakaribia kuisha na mwenye redio alishaanza kununa mlangoni, basi kikabaki humo humo kwenye kanda.

Tuliisikiliza kanda ile mpaka ikalegea. Nilipokuja kuusikia wimbo wenyewe kwenye diski, bila kikohozi, niliona una pengo. Mpaka leo nikifika pale nakohoa mwenyewe. Mume wangu miaka ya mwanzo alikuwa akiniletea maji.

Sasa nieleze ugomvi, maana bila huo hakuna habari. Ilipotoka Chumba cha Wageni, mle ndani kulikuwa na wimbo mmoja wa piano. Wa polepole. Mwimbaji anaimba juu ya kurudi nyumbani kwao na kulazwa chumba cha wageni, kwa sababu chumba chake kimeshageuzwa stoo. Mimi, na tumbo langu la miezi minane, nililia nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Kaka alisema bendi imetusaliti. Tulikuwa mezani kwa mama siku hiyo, na mabishano yakaanza kama yalivyoanza mara mia, kwa kelele na kucheka. Kisha akasema wimbo ule ni wa kubembelezea wajawazito. Nami nikamwambia, "Wewe hukukua, umezeeka tu."

Hapo sikutania, naye akajua kuwa sikutania. Ndio kwanza alikuwa ameshindwa mtihani wake wa ufundi kwa mara ya pili, na wadogo zake kazini walikuwa wamempita. Akanawa mikono, akamshukuru mama kwa chakula, akaondoka.

Hatukununiana. Afadhali tungenuniana. Siku iliyofuata alinipigia simu akaniuliza hali, nikamwambia nzuri. Nikamuuliza watoto, akasema wazima. Akaniuliza kazi, nikasema tunashukuru. Na ndivyo tulivyoishi miaka tisa: hujambo, sijambo, shemeji hajambo, msalimie. Mtu niliyekuwa nikigombana naye saa tatu nzima juu ya mpangilio wa nyimbo za upande wa pili, akawa ananisalimu kama mkaguzi wa mita. Mume wangu aliliona hilo, lakini yeye ni mtu wa ule usemi kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Alilima miaka tisa bila kuvuna kitu.

Jumatatu moja wifi yangu, mke wa Kaka, akanipigia. Kaka amepandishwa cheo na kuhamishwa, wanaondoka Jumamosi asubuhi. Mbali, safari ya siku moja na nusu. Nikampa hongera, nikakata simu, nikakaa chini. Ukimpoteza mtu aliye mtaa wa tatu kutoka kwako, unaweza kujidanganya kuwa siku moja utapita. Akihamia huko, salamu zenyewe zitakuwa za sikukuu kwa sikukuu. Niliogopa kweli. Na kama vile hayo hayatoshi, jioni ile ile nikasoma habari kwamba Soksi Moja, baada ya miaka tisa, wanatoa albamu mpya siku ya Ijumaa. Jina lake Magoti Yanauma. Nilicheka peke yangu, kisha nikatazama huku na huku nimtafute wa kumwambia.

Mimi ni fundi miwani. Nachonga lenzi, nazipachika kwenye fremu, nakaza skrubu ambazo ukiziangusha sakafuni umeziaga. Mwenye duka hunikubalia muziki mradi sauti isifike kaunta. Jumatano asubuhi nilikuwa nimeuweka ule wimbo wa tatu wa albamu ya kwanza, na kwenye kaunta alikuwa amesimama mteja mmoja, mtu wa makamo, mnene, mwenye ovaroli na mkono mmoja wa miwani umelegea. Nikatoka na bisibisi yangu kumkazia. Mlango wa nyuma nikauacha wazi, wimbo ukatufuata. Tulipofika pale, kabla ya kiitikio, nikakohoa.

Na yeye akakohoa. Pamoja nami, kama tumehesabu.

Tukatazamana. Akaomba radhi, akasema ni mazoea, kwenye kanda yake wimbo ule una kikohozi na miaka yote alidhani ni cha mpiga ngoma. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, kanda hiyo aliipata wapi. Akasema kwa fundi mkuu wao wa lifti, walianza naye kazi wakiwa wanafunzi, alikuwa akiwarekodia wenzake wote. Nadhani mji huu una watu thelathini wanaokohoa mahali pale, wasijuane.

Sikumwambia mimi ni nani. Nilimkazia miwani taratibu kuliko ilivyohitaji, nikamuuliza huyo fundi mkuu anapenda albamu gani. Mteja akaguna. Akasema wamechoka. Kila asubuhi kwenye gari la kazi ni Chumba cha Wageni, na hasa ule wa piano, mwaka wa nane sasa.

"Tukilalamika," alisema, "anatuambia kuna mtu alimweleza ukweli wa wimbo huu mapema, yeye akajifanya hasikii. Basi anasikia sasa."

Alishukuru, akavaa miwani yake, akaenda. Nikarudi kwenye mashine nikachonga lenzi ya jicho la kushoto nikaipachika kulia. Nilikuwa na hasira, nisiseme uongo. Miaka minane anaupenda. Miaka minane ananiuliza kama kazi inaendelea vizuri. Kisha hasira ikapoa, nikafikiri na mimi je: ni mara ngapi nimetaka kulirudisha lile neno la kuzeeka nikaishia kumuuliza hali ya hewa? Tulikuwa wajinga wawili, na mimi nilitangulia.

Ijumaa albamu ikatoka. Wakati wa chakula nilijifungia stoo, nikakaa juu ya boksi la fremu, nikavaa spika za masikioni, nikasikiliza nyimbo zote kumi na moja bila kula. Jamani. Wamezeeka na sauti ya mwimbaji imekwaruzika, lakini wanakimbia bado, na wanapochoka wanakuambia wamechoka kisha wanakimbia tena. Wimbo wa nne unahusu watu wawili waliokuwa wakipigiana kelele kutoka dirisha hadi dirisha, sasa wanapungiana mikono tu. Ulipoisha nikaurudia. Mwenye duka aligonga akiuliza kama nimeumia, nikasema vumbi.

Jumamosi saa moja asubuhi nikaenda kwa Kaka. Njiani nilitunga hotuba nzuri sana. Ningemwambia najua habari za gari la kazi, kwamba nimemsamehe, na yeye anisamehe, tusiagane hivi. Nilipofika, lori lilikuwa limeshasimama mlangoni, wifi akiwa juu anapanga magodoro. Kaka alikuwa sebuleni kati ya maboksi, na gundi ya karatasi mkononi. Nywele za kisogoni zimekuwa nyeupe, sikuwa nimeziona.

Akanisalimu. Nikaitikia. Akaniuliza shemeji, nikasema mzima, anawatakia safari njema. Akasema tunashukuru. Na papo hapo nikaiona hotuba yangu ikienda kuishia wapi. Nikimwambia najua, ataona haya. Nikimsamehe, atasema ahsante, mdogo wangu, kwa heshima zote, na adabu itazidi maradufu, na safari hii itadumu maisha yote. Sikutaka shukrani. Nilimtaka mtu wangu wa kubishana naye.

"Ile albamu mpya nimeisikiliza," nikasema. "Mbovu."

Kaka akaweka gundi chini. "Umesemaje?"

"Mbovu. Wangebaki walikokuwa."

Akaja akasimama mbele yangu. Akauliza niliisikiliza na nini, na spika zile za kazini zilizochakaa? Akauliza kama nimeisikiliza kwa mpangilio au nimerukaruka kama kawaida yangu. Nikamwambia kwa mpangilio, na ngoma ni za kivivu. Akashika kichwa. Akaniambia ngoma zile si za kivivu, zinasubiri, na kwamba mtu akishazoea vitu vya haraka haoni tena kitu kinachosubiri. Mikono ilikuwa imeshaanza kupunga hewani. Wifi akaita kutoka kwenye lori, hakuna aliyemjibu.

"Na ule wa nne?" akauliza. "Usiniambie na ule wa nne."

"Huo ndio mbaya kuliko yote," nikasema, na moyo ukaniuma.

"Kiroboto, wewe una wazimu." Kiroboto ni mimi, jina langu la utotoni. Hakuwa amelitamka tangu siku ile mezani kwa mama. "Ile ya tatu ulinishinda, nakubali, ulikuwa na haki na mimi nilikuwa mpumbavu. Lakini hii unakosea, na nitakufuata mpaka uelewe."

Alilipitisha jambo hilo haraka, katikati ya mabishano, kama mtu anayepitisha kiti mlangoni. Nami nikapitisha langu. Nikamwambia lile neno la kuzeeka nalirudisha, halikustahili. Akasema nisisumbuke, magoti yanamuuma kweli. Kisha akaendelea na wimbo wa tano.

Lori lilichelewa kuondoka dakika arobaini. Dereva alizima injini mara mbili. Wifi alikuja akasimama mlangoni na kapu la vyombo, akatusikiliza, akarudi zake nje akifuta macho kwa kanga. Kaka alipanda mwisho kabisa, na hata gari lilipokata kona alikuwa ametoa kichwa dirishani ananieleza kitu kuhusu gitaa la pili ambacho sikukisikia.

Sasa ni mwezi wa tano tangu wahame. Ananipigia kila akitoka kazini, hasalimii. Anaanza tu, "Sikiliza dakika ya pili na nusu, halafu uniambie." Nasikiliza, nambishia, ananikatia simu, anapiga tena. Mume wangu amenishauri nimwambie ukweli, kwamba albamu naipenda tangu siku ya kwanza na naijua neno kwa neno, kwa sababu anaona ni dhambi kumchosha mtu hivyo. Nimemwambia akachukue kapu lake, yasiyomhusu aniachie.

Mpaka sasa nimekubali nyimbo mbili tu, kwa shingo upande, na kila mara Kaka alishangilia mpaka wenzake wakauliza kuna nini. Zimebaki tisa. Nimepanga kukubali mmoja kila mwaka, na wa nne nitaukubali mwisho.