Ngome ya Kamba Nne

Jumamosi ya fainali ya mchezo wa vita wa kompyuta, Scholastika aliuza blauzi mbili tu za mitumba pale Mtaa wa Kongo. Akavuta kamba nne za turubai lake, bidhaa zote zikajikusanya kuwa furushi, akajitwika na kwenda nalo intaneti kafe ya Jaimin. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila ghorofa la Kariakoo lina kafe chini yake, na watu wasiojuana walipigana vita mtandaoni bila kuinuka kitini.

Zawadi ilikuwa kompyuta. Scholastika aliitaka mpaka usingizi ulikuwa umemruka. Angefungua chumba cha kuchapa barua, chenye mlango na kufuli, asikimbizwe tena na mgambo.

Kanuni zilikuwa nyepesi. Timu ya Masaki ingeshambulia, Scholastika wa Kariakoo angelinda. Ngome isipotekwa mpaka kengele ilie, mlinzi ameshinda. Kwenye nusu fainali Masaki waliiteka ngome ya Magomeni wakati umeme umekatika huko na wachezaji wakipapasa gizani. Mwamuzi Filbert, kijana wa tai hata kwenye joto lile, aliuita huo ubunifu, akasema vita havitangazwi.

Kafe ilijaa mpaka barabarani. Makuli waliacha mikokoteni katikati ya njia, wakapandiana mabegani dirishani. Farasi wa Masaki walitokea pande zote za kioo cha kompyuta, wengi kuliko alivyowahi kuwaona, na Scholastika akahisi moyo unamcheza kwa raha. Nyuma yake muuza soksi mmoja, kwa mazoea tu, alisema, "Mgambo hao."

Scholastika akaingiza mikono ndani ya kioo, akashika ngome kwenye pembe zake nne, akavuta. Ikaja yote: kuta, minara, askari na mbuzi wao wawili. Akaipiga fundo, akaisukumia chini ya meza kando ya blauzi. Ilikuwa inavuja, maana ilizungukwa na handaki la maji, kwa hiyo Jaimin akaleta dekio.

Farasi wa Masaki walifika kwenye uwanja mtupu, wakazunguka, wakagongana wenyewe kwa wenyewe. Kengele ikalia. Mtaa mzima ulilipuka kwa shangwe, makuli wakambeba Scholastika juu juu, na muuza soksi akagawa soksi bure, jambo alilolijutia baadaye.

Filbert aliinama chini ya meza, akaikagua ngome, akaona haina kasoro. Alichotaka kujua ni kama wapinzani walikuwa wamearifiwa.

"Mpinzani lazima ajue anakuja kukutana na nini," alisema. "Huku ni kuvizia."

"Na Masaki kule gizani walimwarifu nani, kaka?"

"Ule ulikuwa ubunifu, dada yangu."

Kompyuta ikapakiwa kwenye gari la Masaki. Ngome haikukubali kurudi ndani ya kioo, ingawa walijaribu kuisukuma wawili, na Jaimin, ambaye alikuwa na hasira kuliko mtu yeyote pale, akamwambia Scholastika aondoke nayo, angalau.

Tangu hapo anaitandika Mtaa wa Kongo kila asubuhi na kutundika blauzi kwenye minara. Wateja wanasema nguo zinaonekana vizuri zaidi zikiwa juu. Mbuzi wamezaa.

Mwaka uliofuata redio ya duka la jirani ilitangaza fainali moja kwa moja. Safari hiyo Masaki ndio walinzi. Walipozidiwa, waliingiza mikono ndani ya kioo, wakavuta ngome yao kwa pembe nne, na Filbert akasikika akipiga makofi, akisema huo ni ubunifu ambao Bongo haijawahi kuuona.

Scholastika alitaka kusikia mpaka mwisho, lakini mtu alisema mgambo hao. Akavuta kamba. Ndani ya furushi askari, waliokwisha kuzoea, walishika kofia zao za chuma, wakawakumbatia mbuzi, naye akakimbia.