Dhana Iliyofichwa Katika Swali la Sonmati

Ulikuwepo. Usijifanye ulikuwa unafunga kamba za viatu. Jumanne, Nagendar aliposimamisha pikipiki yake mbele ya Sonmati pale bombani, wewe uligeuza uso ukatazama mashamba ya haradali kana kwamba hujawahi kuyaona.

Mimi sisahau. Shule sikupata, sheria nimejisomea kwenye karatasi zilizoharibika dukani kwangu, huku mashine ya fotokopi ikinguruma. Lakini mwaka 1988 naukumbuka. Kaka yangu alipigwa mpaka meno yakamtoka kwa kugusa ndoo ya watu wa tabaka la juu, tabaka la kina Nagendar, na baba zenu wakatazama mashamba hayo hayo.

Kesho mpwa wangu Sonmati anafanya mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Leo asubuhi tulikuwa dukani tukipitia maswali ya mantiki. Moja lilisema: Wakazi wote wa kijiji huchota maji bombani. Gita ni mkazi wa kijiji. Je, Gita huchota maji bombani?

Akatia alama: haiwezi kujulikana.

"Umekosa," nikamwambia.

"Mjomba, aliyetunga swali hili hajawahi kubeba ndoo kwetu."

"Hilo utabishia mahakamani. Kwenye mtihani fuata kilichoandikwa. Kijiji chetu kiache mlangoni, pamoja na ndala."

"Ndala yenyewe imekatika. Naiacha kwa moyo mweupe!"

Tukacheka. Mara pikipiki ikapita nje, na kalamu ikamponyoka. Haikuwa ya Nagendar. Hata hivyo hakuiokota mpaka mngurumo ulipopotea. Maneno ya Nagendar ya Jumanne unayajua, uliyasikia: "Wakili, eh? Kituo cha basi kiko mbele ya lango letu. Tuone utapandaje."

Basi ni moja, la saa nne asubuhi. Likimpita, mwaka mzima umepotea. Nilikwenda polisi. Wakaniuliza, "Kwani ameshamfanya nini?"

"Tufanye lingine, Mjomba," Sonmati akasema. Akaandika nyuma ya karatasi chakavu: Nagendar atamzuia Sonmati kituoni. Kwa hiyo Sonmati hatafika mtihanini. Hoja hii imesimama juu ya dhana gani ambayo haikuandikwa?

Nilisoma mara mbili.

"Kwamba atakuwa peke yake."

"Sahihi." Hakucheka. "Lakini kila nikihesabu, Mjomba, naona wewe na mimi tu. Na Nagendar na wenzake wako sita."

Alipokwenda kulala kidogo, hakulala. Nilimsikia akifunga komeo la mlango, akilifungua, akilifunga tena.

Nimetoa nakala mia mbili za karatasi hii. Moja iko mkononi mwako. Kesho saa tatu asubuhi uwe bombani, utembee naye mpaka kituoni, usiondoke mpaka basi liondoke naye ndani. Usitume mtoto. Usiniambie utaona. Inuka sasa hivi, kagonge mlango wa jirani yako, umsomee swali hili.