Redio za Mzee Mawimbi

Kwa miaka mingi Mzee Mawimbi, fundi redio, alijigamba kwamba wengine waweke fedha benki, yeye akiba yake iko ukutani. Redio za zamani, za mbao, zilijaa kwenye rafu kuanzia sebuleni hadi mlangoni mwa chumba cha kulala. Kila alipopata kazi nono alirudi na nyingine kwapani, akicheka peke yake. Mkewe, fundi cherehani, aliweka kidogo kidogo kwa kubadilisha zipu za watu. Walikubaliana hivi: siku mwenye nyumba waliyopanga akitaka kuiuza, wainunue wao; mke atatoa nusu, redio zitatoa nusu.

Siku ikafika. Mwenye nyumba akawapa nafasi ya kwanza, hadi mwisho wa mwezi. Mzee Mawimbi wala hakutikisika. Alimwita mnunuzi wa vitu vya kale, akaziwasha redio zote kwa mpigo, nyumba ikarindima.

"Unasikia? Zinaimba kama zimetoka dukani jana."

Mnunuzi aliomba bisibisi. Akafungua mgongo wa moja, kisha wa nyingine, kisha wa nyingine.

"Mzee, zile taa za kioo za ndani ziko wapi?"

"Nilizitoa, zilikuwa zimechoka. Nimeweka vifaa vya kisasa."

"Zote?"

"Zote. Mimi si fundi wa kubahatisha."

"Wateja wangu wanalipia zile taa, hata redio ikiwa bubu. Haya ni makasha tu, mzee wangu."

Akataja bei ya makasha huku akitazama pembeni. Taa zenyewe zilikwisha kutupwa jalalani zamani. Ukitaka kumcheka, mcheke, lakini mtu huyu alizipenda redio zake, na kwa kuzipenda akaziua.

Mnunuzi alipoondoka, mke alirudi kwenye cherehani yake.

"Nitaanza kuweka mwezi ujao," mume akasema. "Tutapata nyumba nyingine."

"Haya, baba. Hebu nitungie uzi."

Mzee akachukua sindano, akasogea dirishani, akalamba uzi, akajaribu, akajaribu tena. Mkewe akaipokea, naye akajaribu. Mwishowe wakaiweka mezani, wakakaa kumsubiri mtu mwenye macho apite.