Pezi Moja la Kila Babu

Mjukuu wangu wa kwanza alipotangaza mezani kwamba anataka kuwa mzamiaji wa idara ya maji, mama yake aliweka kijiko chini, baba yake akatazama dari, nami nikasema kwamba kazi ni kazi, mradi ifanywe kwa adabu. Idara ilihitaji mtu mmoja tu wa kushuka ndani ya tangi kuu la maji ya kunywa na kukagua nyufa. Chini ya tangi hilo kumelala tope laini kama unga, na likitibuliwa, mji mzima hunywa maji yenye rangi ya chai. Mtihani ulitungwa kwa sababu hiyo. Katika bwawa la mafunzo, lililomwagiwa udongo laini sakafuni, mtahiniwa angezama na mtungi wake wa hewa mgongoni, apite juu ya udongo hadi ukuta wa pili, kisha arudi. Sahani nyeupe iliyowekwa katikati ya sakafu ilipaswa kuonekana muda wote. Ikipotea machoni, naye apotee.

Kila mtahiniwa alitakiwa aje na mapezi yake, yale yanayovaliwa miguuni ili mtu asukume maji kama samaki. Hapo ndipo sisi mababu tulipoingia.

Maisha yangu yote ya kazi nilikagua mizani madukani, na mkono wangu haudanganyiki. Nilimnunulia mapezi mafupi, mapana, meusi, ya mpira mgumu, mazito kiasi kwamba muuzaji aliyaweka juu ya meza kwa mikono miwili. Babu yake mzaa mama, ambaye mtaa mzima humwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake, hakukubali kupitwa. Alileta mapezi marefu kama makasia, laini, yenye rangi ya chungwa, akaeleza kwamba vazi lolote, hata la majini, lazima liwe na mwendo. Akaongeza kwamba yangu yangefaa kuwa nanga. Nikamjibu kwamba yake yangefaa kupepea wageni. Tangu watoto wetu waoane, Fundi nami hatujawahi kukubaliana hata juu ya dirisha la kufunguliwa.

Siku ya mtihani tulifika bwawani kila mmoja kwa njia yake, tukaketi kwenye ncha mbili za benchi moja. Mkufunzi, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, akaliita jina la mjukuu wetu. Binti alipotoka katika chumba cha kubadilishia nguo, Fundi alikohoa. Mimi nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Mguu wa kulia alivaa pezi langu. Wa kushoto alivaa la Fundi.

Mkufunzi alimwuliza kama anafanya mzaha. Binti akajibu kwa heshima zote kwamba huo si mzaha, ni familia.

Akazama. Mguu wa kushoto ulisukuma maji mengi, wa kulia ukaburuta mzigo wake, naye akaanza kuzunguka kama mshale wa saa. Kila alipopiga miguu juu na chini, ncha ya lile pezi refu ilifagia sakafu kwa bidii ya mwali mgeni. Fundi alisimama akamwelekeza mchumba wake, kama anavyomwita mjukuu wetu, akaze kulia. Nikamkumbusha kwamba aliye chini ya maji hasikii. Akanijibu kwamba hamsikii asiyempenda. Kufikia hapo sahani haikuonekana tena. Bwawa zima lilikuwa chai.

Binti aliibuka ameshika shavu la mguu wa kulia, misuli imemkaza. Mkufunzi akatangaza kwamba udongo ukitulia atampa nafasi moja tu, ya mwisho. Kisha akamketisha ukingoni.

"Haya mazito yanataka mapaja ya fahali," akamwambia. "Hayo marefu yanataka bahari pana. Na ukipiga miguu kama mkasi, tope litaamka hata ukivaa manyoya. Kunja magoti, nyayo ziwe juu nyuma yako. Fungua miguu kama chura, ifunge, halafu tulia. Acha maji yakubebe."

Akavua mapezi yake mwenyewe, ya wastani, yaliyochakaa, akamsogezea. Binti hakuyagusa. Alitugeukia, machozi yakimlengalenga.

"Babu zangu, naomba ruhusa nisivae ya yeyote kati yenu."

Kazi ile aliitaka kuliko kitu chochote, nasi sote wawili tulilijua hilo.

"Avue la Fundi kwanza," nikasema, "nami sitakuwa na neno."

"Linalomuumiza mtoto ni la Mkaguzi," Fundi akasema. "Litangulie hilo."

Mkufunzi alipiga magoti, akashika pezi moja kwa kila mkono, akayavuta yote kwa mpigo, kisha akamvisha yake.

Udongo ulipotulia, safari ya pili ilianza. Binti alilala majini, juu kidogo ya udongo, kama karatasi, magoti yamekunjwa, akafungua, akafunga, akateleza. Alipokosa subira akaanza tena ule mkasi, kijiwingu kikaamka karibu na sahani, nami nikajikuta nimesogea upande wa Fundi na kuushika mkono wake bila kukusudia. Binti akatulia. Kijiwingu kikalala. Aligusa ukuta, akageuka, akarudi, na sahani ikabaki ikitutazama, nyeupe kama meno.

Kazi akapewa yeye.

Fundi nami tulirudi kwa njia moja, kila mmoja na mapezi yake kwapani, na tukakubaliana kwa mara ya kwanza: mapezi ya mkufunzi yalikuwa na sura mbaya sana. Siku hizi kila nikimimina maji huinua glasi kwenye mwanga kabla ya kunywa, na sijaona tope. Fundi hudai kwamba mwendo binti aliupata kwenye yale ya chungwa. Namwacha aseme. Aliyekomaza mguu wake ni mimi.