Saini Moja Tu

"Moja tu," nilimwambia. "Nimetia saini moja tu."

"Moja tu," Joselyne alirudia. "Kama mwizi wa mbuzi anayesema amekula kichwa tu."

"Chunga mdomo. Mimi si rika lako."

"Ndiyo maana nashangaa, Mama. Rika langu hawafanyi hivi."

Binti yangu alikuwa amesimama katikati ya sebule yetu ya Kabeza, karatasi mkononi. Aliishika pembeni kwa ncha za vidole, kama nilivyomfundisha, hata kwa hasira zile. Nyingine kumi na moja zilining'inia kwenye kamba kutoka dirishani hadi mlango wa jikoni, zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Zote zilikuwa picha ileile, imechapwa mara kumi na mbili. Ile aliyoishika ilikuwa na jina langu kwa penseli, chini upande wa kulia: Mukashema Épiphanie, Machi 1992. Hata tarehe niliweka.

Picha zilikuwa zake. Sikuchonga hata mstari mmoja.

"Bwana Gasana anakuja saa tisa kuzichukua," nilisema. "Anazitaka zikiwa na saini. Ulitaka nifanye nini?"

"Umwambie, 'Ni za binti yangu.' Maneno manne."

Maneno hayo yalinishinda siku ya Jumanne. Gasana Jean-Luc alikuwa akiandaa maonyesho ya picha za kuchapa huko Kacyiru, mtaa mwingine wa Kigali, na baadaye zingekwenda Bujumbura. Aliambiwa kuna mama Kabeza mwenye diploma ya sanaa, akaja. Nikamtolea michoro yangu ya rangi: vilima, ng'ombe wenye pembe ndefu, jua likizama. Akaiangalia kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Kisha akaiona kamba. Aliinuka bila kuomba ruhusa, akasimama pale mpaka chai yake ikapoa.

Mwisho akageuza karatasi moja, akaona muhuri wangu mgongoni.

Mimi nafundisha kuchora katika shule ya sekondari ya wasichana, na shuleni karatasi nzuri zina miguu. Kwa hiyo miaka minane sasa, kila karatasi ninayoinunua naipiga muhuri wa jina langu kabla haijaingia kabatini. Joselyne huchapa kwenye karatasi zangu.

"Kumbe ni wewe," Gasana alisema. "Sasa kwa nini umenionyesha ng'ombe, Madamu?"

Nilitabasamu, nikamuuliza kama nimwongezee chai. Sikusema uongo wowote. Nilimwaga chai tu.

Nitasema lililonifunga mdomo: wivu. Mtu akinidai jina zuri zaidi, sina. Nilisoma miaka mitatu, nikajifunza rangi za mafuta na kivuli na umbali, nikamaliza wa tatu darasani. Halafu nikazaa wanne. Nikawa nachora Jumapili, baadaye likizo, baadaye hata likizo ikawa ya kufua. Joselyne nilimfundisha kuchonga Desemba moja ili aache kuzurura. Tulichonga kwenye vipande vya mpira wa sakafu vilivyotupwa na mafundi waliokuwa wakitengeneza maofisi. Visu tulivitengeneza kwa mbavu za mwavuli, tukavinoa kwenye jiwe la mlangoni. Mashine hatukuwa nayo. Tuliweka karatasi juu ya mpira uliopakwa wino, tukaisugua kwa mgongo wa mwiko.

Nikamfundisha njia ngumu, ya kipande kimoja kwa rangi zote. Unachonga patakapobaki peupe, unachapa rangi ya udongo kwenye karatasi zote. Unachonga tena mpira uleule, unachapa nyekundu. Unachonga tena, unachapa nyeusi. Ukifika mwisho, mpira umekwisha kuliwa na kisu. Ukikosea hakuna kurudi, na ukitaka ya kumi na tatu huipati. Mimi mwenyewe njia hiyo niliijaribu mara mbili nikaharibu zote mbili. Yeye aliipata mara ya kwanza. Ana miaka kumi na tisa.

Na alichochonga ni foleni ya bomba la mtaa wetu. Wanawake wanaonekana kwa nyuma, na madumu yao, mgongo mmoja umeinama kushoto, unaofuata kulia. Ukirudi nyuma hatua tatu, wanawake wanapotea, unabaki ukuta wa mama yangu kule Kibungo: yale mapambo ya imigongo yanayofinyangwa kwa mavi ya ng'ombe na majivu, pembe kwa pembe, nyeusi, nyeupe, nyekundu. Nimeteka maji kwenye bomba hilo miaka kumi na miwili. Nilichowahi kuona pale ni nani ameruka foleni.

"Nani alikuonyesha?" nilimuuliza.

"Alinionyesha nini?"

"Usijifanye. Huo ukuta."

"Bibi. Likizo ya mwaka jana. Alinipa mavi nikakanda." Akaitazama mikono yangu. "Anasema wewe ulikataa kuyagusa. Ulikuwa na umri wa miaka kumi, ukasema utakwenda kutafuta rangi ya dukani."

Kwa hiyo hata mama yangu Joselyne alikuwa ameninyang'anya.

"Wino nani alinunua?" nikasema. "Karatasi je? Njia hiyo uliota?"

"Wewe, Mama. Wewe, wewe na wewe." Aliweka karatasi mezani, akaisukuma penseli upande wangu. "Basi maliza. Zimebaki kumi na moja."

"Unanitania."

"Sitanii. Fomu yake inauliza diploma. Mimi sina. Kwa jina langu zitabaki kwenye hii kamba na soksi za wadogo zangu kina Akimana. Weka lako, ziende."

Akaketi, akaanza kukwangua wino kwenye kucha. Siku tatu nilikuwa nikiisubiri ruhusa hiyo. Nikashusha karatasi ya pili, nikachukua penseli. Nikaitazama picha ili nijue saini ikae wapi, ndipo nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona: mwanamke wa mwisho kwenye foleni mikono yake ilikuwa mitupu.

"Huyu mbona hana dumu?"

"Hilo watakuuliza Bujumbura," alisema bila kuinua kichwa. "Tafuta jibu."

Nilitafuta. Labda amesahau. Labda ni maskini. Labda mpira uliteleza kisu kikalifuta. Kila jibu lilikuwa la mtu aliyeingia kwenye nyumba isiyo yake akiulizwa choo kiko wapi. Bado nilikuwa nimeshika penseli gari lilipopiga honi.

Gasana aliingia akijifuta jasho. "Samahani, Madamu. Askari wa kizuizi cha barabara ya uwanja wa ndege wamesoma kitambulisho changu kama barua ya posa. Ziko tayari?"

"Ziko tayari. Si zangu. Ni za huyu, Joselyne. Mimi nilikuacha uamini muhuri, kwa sababu nilipenda ulivyoniangalia."

Alitutazama kwa zamu. Kisha akaenda kwenye kamba, akaweka kidole karibu na yule mwanamke wa mwisho. Sikumwelekeza. Alikwenda mwenyewe.

"Huyu dumu lake liko wapi?" akamuuliza Joselyne.

"Lile la mbele, lisilo na mtu. Alilipanga alfajiri, akarudi nyumbani kupika. Sasa anakuja kuona kama zamu imefika."

Gasana akacheka kidogo, polepole. Dumu langu nimelipanga hivyo tangu nihamie Kabeza, likanishikia nafasi, na kwenye picha sikulitambua.

"Kuna tatizo," Gasana alisema. "Majina yanakwenda leo kupigwa chapa kwenye kitabu cha maonyesho. Na sharti ni diploma."

"Sharti aliliweka nani?"

Alikohoa. "Mimi."

"Basi mwenye kulifuta tumempata. Majina yanakwenda saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Lakini tungeweza kuzungumza wiki ijayo, nikaandika barua..."

"Wiki ijayo kitabu kimeshachapwa. Anakwenda sasa, ataandika jina lake mbele yako na kila swali atajibu. Umeona anaweza."

Sikumngoja akubali. Nilishusha karatasi moja moja, nikazilaza kati ya makaratasi safi, nikazifunga kwenye mbao mbili nyembamba. Nilipofika kwenye ile yenye jina langu, nilichukua kifutio. Mkono wangu ni mzito; maandishi yalifutika, mifereji ya penseli ikabaki kwenye karatasi.

"Hiyo baki nayo," Joselyne alisema. Hakusema kwa ukali, na hakusema kwa upole. "Mimi nitapeleka kumi na moja."

Alivaa viatu vya kanisani na gauni lenye wino. Sikumwambia abadilishe. Nje, Gasana alimfungulia mlango wa mbele, kisha akanigeukia.

"Na wewe, Madamu? Nyuma kuna nafasi."

Nilitaka kwenda. Ningekaa nyuma nikaeleza habari za mwavuli na mwiko na mpira wa sakafu, kwa sauti yangu ya darasani, na kabla hatujafika Kacyiru nusu ya maonyesho ingekuwa yangu. Najijua.

Nikaufunga mlango upande wa Joselyne, nikaujaribu kama umeshika.

"Nendeni," nikasema. "Saa kumi kizuizi hujaa."