Sokwe wa Agnesi

Binti yangu Catherine anafundisha katuni za kompyuta katika chuo kimoja hapa Gungu. Wiki ile alishikwa na macho mekundu, daktari akamkataza kutazama kitu chochote chenye mwanga. Na kesho yake chuo kilitaka alama za wanafunzi wake. Aliyeshindwa haendi kwenye mafunzo ya kazi mpaka arudie vizuri.

"Mama, utanitazamia," aliniambia, amelala na kitambaa machoni. "Kila mwanafunzi amechukua herufi akaigeuza mnyama. Wewe sema unachokiona, alama nitatoa mimi."

Shule niliachia darasa la tatu, lakini herufi nazijua. Nikakaa na kompyuta mapajani tangu chai ya asubuhi. S ikawa nyoka. Nikasema nzuri. M ikawa ng'ombe. Nzuri. C ikaota mkia ikaogelea, samaki mgebuka kabisa. Nzuri. S nyingine, nyoka tena. Nzuri.

"Mama, zote nzuri?"

"Ni watoto wa watu hawa. Nitasemaje kazi ya mtoto wa mtu ni mbaya?"

Alicheka kidogo, kisha akachoka kucheka. "Basi Yona aliyehangaika muhula mzima apate sawa na aliyelipua kazi juzi? Anza upya, mama yangu. Usiniambie nzuri. Niambie herufi imepita wapi mpaka ikawa mnyama."

Nikaanza upya. Mgongo unauma, miguu imekufa ganzi. Ng'ombe wa Yona nilimwona vizuri safari hii: M inainama pale katikati, pembe zinachomoza pembeni, miguu inanenepa, ndipo mkia. Nikaeleza, Catherine akataja alama, nikaandika.

Ikafika zamu ya Agnesi, binti wa jirani yetu Niyokwizera. Mwaka niliovunjika mguu, mama yake ndiye aliyenichotea maji. R ilikuwa pale, halafu akatokea sokwe, manyoya yanapepea, mzuri kuwapita wote. Nikarudisha nyuma. R. Sokwe. Nikarudisha tena.

"Mama?"

"Sokwe mzuri sana."

"Mama."

"Herufi imeondoka," nikasema, "sokwe akaja. Ilikopita sikukuona."

Catherine akasema: "Ameshindwa. Andika."

Nikaandika.

Mchana tukazituma alama chuoni. Jioni Agnesi akaja kumjulia hali mwalimu wake, na bakuli la dagaa kutoka kwa mama yake. Macho yamemvimba, naye si mgonjwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Wametusomea matokeo. Lakini mwalimu haoni, bibi. Nani alitazama kazi yangu?"

Catherine alikuwa amepitiwa na usingizi. Ningeweza kusema sijui.

"Nilitazama mimi."

Alinikodolea macho. "Bibi, wewe unajua katuni?"

"Sijui. Ila R naijua. Niliitafuta kwa yule sokwe wako, sikuipata."

Nilidhani atabeba bakuli lake aondoke. Alisimama mlangoni, akafuta pua kwa kanga, kisha akaja kukaa mkekani na kuivuta kompyuta.

"Huu mguu wa R nikiukunja kwanza, ukawa mkono wake, utaona?"

"Fanya nitazame."

Macho yangu yalikuwa yanawaka kama ya Catherine. Nikasogea karibu naye.

"Ukunje polepole," nikamwambia. "Nimechoka."