Marehemu Ana Simu

Kwa mujibu wa mchoro uliobandikwa ukutani kwa Daktari Tumpe, Mzee Abrahamu Kihwele wa Kilolo, Mkatoliki safi na mpiga ngoma wa kwaya ya parokia, alikuwa na wake wanne. Wa kwanza ni Matilda, aliyefunga naye ndoa kanisani. Watatu waliobaki walikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, kumi na minne, na tisa. Huyo wa miaka tisa alikuwa darasa la tatu.

"Goodness," Tumpe aliita, akijikaza asicheke. "Njoo unielezee hii ndoa."

Goodness alikuwa msaidizi wake wa utafiti, binti makini ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa vijijini na kuyaandika neno kwa neno. Alisimama mbele ya mchoro, mikono nyuma.

"Mzee mwenyewe kasema, Daktari. 'Huyu mke wangu, huyu naye mke wangu, na yule anayechota maji ndiye mke wangu mdogo kabisa.' Mimi naandika kinachosemwa."

"Ni wajukuu zake."

"Najua ni wajukuu. Hata mimi babu yangu ananiita mke wake. Lakini uliniambia nisiongeze wala nisipunguze."

Tumpe alicheka mpaka akakaa. Kisha akachukua kifutio, akamvunjia mzee ndoa zake tatu haramu, akawarudisha wasichana kwenye mstari wao wa wajukuu. Alijisikia vizuri. Hakuna raha kama kusahihisha kosa la mwingine, hasa kabla hujaonyeshwa la kwako.

Mchoro ule ndio uliokuwa roho ya kazi yake. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, aliyekufa anapigwa mstari, na aliyeugua anapakwa weusi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa melanoma, saratani ya ngozi ambayo kwa watu weusi hupenda kujificha mahali ambapo mtu hajitazami: unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Familia inayourithishana ni nadra kuipata, na Tumpe alikuwa amehangaika miaka miwili kabla hajawapata akina Kihwele. Marehemu Mzee Crispin alikatwa mguu, akafa miaka tisa iliyopita. Dada yake Lusia alimtangulia. Mdogo wao Abrahamu alipona kwa kuwahi, akaacha vidole viwili hospitalini. Watatu, tumbo moja. Tumpe alitaka kujua ni kitu gani kinapita katika damu ile, na zaidi ya hapo alitaka kujua nani kati ya walio hai amekipata, ili miguu yake itazamwe kabla mambo hayajaharibika.

Kazi hiyo ilikuwa imeshamharibu kidogo. Kanisani kwao Iyunga, Mbeya, wenzake walipofumba macho kuomba, yeye alikuwa akikagua visigino vya waliopiga magoti mbele yake. Mama mchungaji aliwahi kumuuliza kama amepoteza kitu sakafuni.

Siku mbili baada ya zile ndoa kuvunjwa, Goodness alivua visikizio vya masikioni taratibu.

"Daktari, huyu marehemu ana simu."

"Marehemu yupi?"

"Mzee Crispin. Anampigia binti yake kila Jumapili."

Tumpe alidhani ni mzaha, akavaa visikizio. Ilikuwa sauti ya Verediana, binti wa marehemu, waliyemhoji Kilolo miezi mitatu iliyopita. Tumpe alimsikia kwanza yeye mwenyewe akiuliza kwa sauti ya kiofisi, "Na baba, alikuwa na doa?" Verediana akajibu, "Baba analo. Kwenye kisigino. Linakua. Nimemwambia aende hospitali, hasikii." Hapo Tumpe alikumbuka vizuri alichoandika: baba, doa kisiginoni, alichelewa hospitali. Alikumbuka hata alivyoona huruma, akidhani mama wa watu bado hajakubali msiba, ndiyo maana anasema analo badala ya alikuwa nalo.

Baadaye kidogo, wakati Tumpe wa kwenye kinasa sauti alikuwa tayari anafunua ukurasa mwingine wa fomu, Verediana aliendelea peke yake: "Jumapili akinipigia namuuliza, baba, hicho kidoa chako vipi? Ananiambia, mama, hiyo ni sugu tu."

Tumpe alivua visikizio. Kwenye mchoro, chini ya duara la Verediana, palikuwa na mraba mmoja mweupe, msafi, wenye jina lililoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe: Crispin, miaka 29. Mtoto aliyepewa jina la babu yake. Na mtoto aliyepewa jina la baba yako, unamwita nani kama si baba?

Hilo halikuwa jambo la kigeni kwake hata kidogo. Yeye mwenyewe alibeba jina la bibi yake, na baba yake pale Iyunga hajawahi kumwita Tumpe, anamwita mama, na yeye akikosea chumvi kwenye mboga baba humwambia, "Mama, leo umetuonea." Alilijua hilo tangu anatambaa. Lakini siku ile Kilolo alikwenda na masikio ya fomu, na fomu ina baba mmoja tu. Aliona aibu iliyompandisha joto hadi shingoni. Nyuma ya aibu ikaja hofu, kwa sababu doa lilisemwa linakua, na tangu isemwe hivyo ilikuwa imepita miezi mitatu.

Alimpigia Verediana, hakupatikana, alikuwa shambani kwenye maharage. Akampigia Mzee Abrahamu.

"Crispin yuko Rujewa, kwenye mashine ya kukoboa mpunga," alisema mzee. "Unamtafutia nini, mke wangu?"

Goodness alinyanyua kalamu. Tumpe alimtazama, naye Goodness akaishusha.

"Mguu wake, babu. Kwa nini mama yake hakumlazimisha kwenda hospitali?"

"Atamlazimishaje baba yake? Huyo tangu mdogo hakuchapwa. Alivunja vyungu, aliuza kuku wa watu, Verediana anasema tu, baba, umetusikitisha. Sisi tukitaka kumchapa, anatuzuia. Anasema, mnampiga baba yangu nikiona?"

Asubuhi wakaondoka Mbeya na gari la mradi, wakapita Chimala bila kusimama, jambo ambalo Goodness alilisikitikia kwa ajili ya mchele wa huko, wakafika Rujewa kabla ya saa tano. Mashine ilikuwa inanguruma, pumba zimejaa hewani. Tumpe alimfuata mbeba magunia mmoja, akapiga kelele kuushinda mlio wa mashine:

"Namtafuta Crispin. Habari zake nimezipata kwa mama yake."

Hilo lilikuwa kosa. Verediana alikuwa ameshamtania mwanawe mara tatu kwamba asipooa mwaka huu atamletea mchumba hadi kazini, na mashine nzima ilizijua habari hizo. Mbeba magunia alimtazama Tumpe juu hadi chini, akamtazama na Goodness, akageuka akaita: "Crispin, mama kakuletea wawili." Kijana mrefu mwenye vumbi hadi kwenye kope alichungulia, akatoweka nyuma ya kilima cha pumba. Alikimbia akichechemea. Goodness aliona sherehe ya wabeba magunia. Tumpe aliona ule mguu wa kushoto.

Walimkuta ameketi juu ya gunia, amevaa raba iliyokatwa nyuma kwa kisu ili isibane kisigino.

"Mimi ni daktari," Tumpe alisema. "Sina haja ya kuolewa na wewe. Nina haja na kisigino chako."

"Ah. Bora ungekuwa mchumba." Crispin alivuta mguu nyuma. "Hiyo ni sugu tu."

"Vua nione."

"Kiatu sivui, Daktari. Babu alivua. Wakaanza na kidole, wakamalizia juu ya goti, na hakupona. Mimi ndiye niliyepewa jina lake. Walinipa jina, wakanipa na mguu. Nikienda mahakamani nikabadili jina, si itaniacha?"

"Hata ukijiita Matilda haitakuacha. Haipiti kwenye jina. Iko kwenye damu, na mahali ilipo sasa huenda bado tunaiwahi."

Kijana alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. "Naogopa," alisema. "Sina maneno mengine. Naogopa."

Tumpe alikaa chini kwenye pumba, suruali yake nzuri na yote. "Na mimi nina kosa kwako," alisema. "Mama yako aliniambia habari zako miezi mitatu iliyopita. Alisema baba ana doa, nikaandika babu yako. Wewe nikakuandika mzima. Siku hizo zote ulizokaa na hicho kitu, mimi ndiye niliyekupotezea. Nisamehe."

Crispin alikuwa hajawahi kuombwa radhi na daktari. Lakini kiatu hakuvua.

Basi Tumpe akajaribu tena simu ya Verediana, na safari hii ikaita. Alimweleza kwa kifupi, akaweka sauti ya juu, akaiweka simu juu ya gunia katikati yao.

"Kamwene, baba," ilisalimu sauti ya Verediana kwa Kihehe.

"Kamwene, mama."

"Baba, nakuomba. Mwonyeshe daktari mguu."

"Mama, ni sugu hii. Tuyaache."

"Haya, baba."

Tumpe alifumba macho. Miaka ishirini na tisa ya kutombishia baba ilikuwa imejibu yenyewe, kama kawaida. Goodness akainama kuangalia kama simu imekatika. Haikukatika.

"Crispin," ilisema simu.

Kijana alinyanyua kichwa. Alitazama huku na huku, utadhani kuna mwingine anayeitwa.

"Crispin, mwanangu. Baba yangu naye aliniambia tuyaache, nikaacha, kwa kuwa ni baba. Nikamzika. Wewe sijakuita mwana tangu nikuzae. Leo nakuita. Mimi ndiye mama yako, mimi ndiye nimekuzaa, na sikuombi. Vua hicho kiatu."

Crispin alivua. Machozi yalichora mistari miwili kwenye vumbi la mpunga usoni mwake, na hakuyafuta. Tumpe aliwasha taa ya lenzi yake, akainama. Doa lilikuwa jeusi upande mmoja, la kahawia upande mwingine, kingo zake zimekwenda ovyo. Upana wake ulitosha kufunikwa na kucha ya kidole gumba. Halikuwa na kidonda bado. Alimshika kinenani kutafuta matezi yaliyovimba, wabeba magunia wakapiga miluzi, na Crispin akawatukania mama zao wote kwa mpigo. Matezi hayakuwa yamevimba.

"Panda gari," Tumpe alisema.

Ilikuwa melanoma kweli. Hospitalini walimkata nyama ya kisigino, wakamziba kwa ngozi ya paja, na majibu yalipotoka baada ya wiki mbili yalionyesha haikuwa imezama ndani sana wala haijafika kwenye matezi. Mguu ulibaki wote. Atachunguzwa kila baada ya miezi mitatu, maisha yake yote pengine, na Tumpe hakumficha hilo.

Verediana alikuja Mbeya kwa basi na debe la maharage. Alikaa kando ya kitanda, akaomba aonyeshwe huo mchoro unaosemwa. Tumpe aliubandua ofisini, akamkunjulia. Verediana alipitisha kidole kutoka mraba mweusi wa juu hadi mraba mweusi wa chini, kikasimama katikati, kwenye duara jeupe.

"Hapa ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Kwa hiyo ilipita kwangu."

Tumpe alikuwa ameandaa maneno mengi kwa ajili ya saa hiyo, ya vinasaba na bahati na kutolaumiwa kwa mtu yeyote. Yote yalimkimbia. "Ndiyo," alisema. "Ilipita kwako, na wala haikukuomba ruhusa."

"Na urefu wangu nao ulipita hapohapo," Crispin alisema kutoka kwenye mto. "Na uzuri."

Verediana aliinama, akavua viatu vyake vya safari, akavipanga chini ya kitanda, akapandisha miguu yake miwili kwenye kiti mbele ya Tumpe. Ilikuwa miguu ya mkulima, iliyopasuka visigino. Tumpe aliwasha lenzi, akapitia nyayo zote mbili, katikati ya vidole, kucha moja moja.

"Safi, mama."

"Angalia tena," Verediana alisema. "Mimi nina mtoto."

Tumpe akasogeza kiti chake karibu, akaanza upya kutoka kidole gumba.